Siku Saba Sapporo: Namna Tulivyoipanga Safari ya Kaskazini ya Japani



Zamani mtu wa mwambao akisema kijana wake amekwenda kusoma, aliyesikia aliuliza: ni Lamu, Unguja, Hadhramaut au Madina? Leo jibu laweza kuwa jina la mji ambao hata msomi wa jiografia hufikiri kidogo kabla ya kuunyoshea kidole kwenye ramani. Wazazi hubaki na picha za simu na mazungumzo ya usiku wa manane, kwa kuwa huko kumeshakucha. Na baada ya miaka miwili mitatu huwaingia hamu ya kwenda kumtazama mtoto pale alipo, wajue analala wapi, anakula nini na anasuhubiana na nani.

Makala haya yahusu safari ya namna hiyo. Mwana wa kaka yangu yuasoma katika Chuo Kikuu cha Hokkaido, kilichoko mji wa Sapporo, kaskazini ya Japani, na huu ni mwaka wake wa tatu. Kaka na mkewe wamedunduliza fedha kwa miaka minne, nazo zatosha safari moja tu ya siku saba. Umri wao umekwishapita sitini, shemeji ana maradhi ya goti, na wote wawili wajua kwamba huenda hawatapata kwenda tena. Walinijia na ramani na daftari tupange pamoja, nami kwa majuma kadhaa nikawa nasoma na kumwuliza mwana wetu maswali hadi akacheka. Naandika hapa tuliyoyafikia, kwani jamaa wengi wana watoto mbali, na huenda mpango huu ukawafaa hata kama mji wao ni mwingine.

Daftari la kaka lilikuwa limejaa kurasa mbili. Aliandika tamasha la theluji, mji wa Hakodate, mashamba ya maua ya Furano, ziwa la Toya, chemchemi za moto za Noboribetsu, mito ya mashariki wanakoishi korongo, na mwisho Tokyo siku mbili. Alipomaliza kuyasoma yote, shemeji alinigeukia akasema, "Shemeji, hayo yote ni mazuri. Lakini mwanangu nitamwona saa ngapi?"

Swali hilo ndilo lililoipanga safari. Kila jambo lililokuwa ndani ya daftari tulilipima kwalo, na mengi yalitoka.

Ukubwa wa nchi

La kwanza analopaswa kulijua msafiri ni kwamba Hokkaido si mji wala mkoa mdogo. Ni kisiwa kikubwa cha pili cha Japani, na peke yake ni kama sehemu moja katika tano za ardhi yote ya nchi hiyo, ilhali wakaazi wake ni kama milioni 5. Ramani za Japani humdanganya mtazamaji, kwa kuwa kisiwa hiki huchorwa juu kabisa pembeni, kikaonekana kana kwamba waweza kukizunguka kwa siku mbili.

Tazama masafa. Kutoka Sapporo hadi Hakodate, garimoshi la mwendo wa kasi huchukua zaidi ya saa tatu na nusu, na njia yake ni zaidi ya kilomita 300, takriban kama kutoka Mombasa hadi Lamu kwa barabara. Kwenda Kushiro, upande wa korongo, ni kama saa nne. Furano ni saa mbili na zaidi. Mtu akiweka Hakodate na Kushiro katika juma moja, siku zake mbili zima atakuwa amezikalia ndani ya garimoshi kwa kwenda na kurudi.

Basi tulikata shauri mapema: makaazi yawe mamoja, Sapporo, na mizigo isifunguliwe mara mbili. Safari za nje ziwe za kwenda na kurudi siku hiyohiyo, tena zisizidi mbili. Kaka aliona uchungu kuifuta Hakodate, lakini aliifuta kwa kalamu yake mwenyewe.

Kuchagua majira

Sapporo iko takriban nyuzi 43 kaskazini ya ikweta, na katika majira ya baridi hupata theluji inayofikia kiasi cha mita 5 ukijumlisha yote inayoanguka tangu mwanzo wa msimu hadi mwisho. Ni miji michache sana duniani yenye watu karibu milioni 2 inayopokea theluji nyingi kiasi hicho. Tamasha lake la theluji, linalofanywa mwanzo wa Februari katika bustani ya Odori, lilianza mwaka 1950 kwa sanamu sita zilizofinyangwa na wanafunzi wa shule, na leo ndilo linalowavuta wageni wengi. Mwaka 1972 mji huu uliandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi.

Kaka aliitaka Februari kwa sababu hiyo. Lakini theluji ya mjini hukanyagwa, ikayeyuka mchana na kuganda usiku, na njia za waendao kwa miguu zikawa kama sahani iliyopakwa mafuta. Wenyeji wenyewe huwekewa visanduku vya changarawe kwenye pembe za njia ili wainyunyize mbele ya miguu yao. Mtu mwenye goti bovu ambaye hajapata kuikanyaga barafu maisha yake yote hana sababu ya kujifunzia huko. Tena katika Disemba jua hutua saa kumi alasiri, na mchana wenyewe ni mfupi mno kwa mgeni aliyekuja kutembea.

Julai kuna maua ya lavenda huko Furano, na mvua ndefu za mwanzo wa kiangazi zinazoilowesha sehemu kubwa ya Japani kwa kawaida hazifiki Hokkaido. Ni msimu mzuri, ila wageni huwa wengi na hoteli hupanda bei. Tena mwana wetu huwa bado yumo katika masomo, na shemeji hakuwa anakwenda kuyaona maua.

Tulichagua nusu ya pili ya Septemba. Chuo huwa bado kiko katika likizo ya kiangazi. Wastani wa joto ni kama nyuzi 18 au 19, baridi ambayo koti jepesi na kashida vyatosha kuizuia. Zaidi ya hayo, siku hizo mchana na usiku hukaribia kulingana kama kwetu: jua huchomoza baada kidogo ya saa kumi na moja alfajiri na hutua kama saa kumi na moja na nusu jioni. Mzee aliyezoea saa za mwambao hatapotea.

Njia ya kufika

Kutoka Kenya mtu hupitia miji ya Ghuba, kama Dubai au Doha, kisha Tokyo. Tokyo ina viwanja viwili vya ndege vya kimataifa, Narita na Haneda, na kati yake basi huchukua zaidi ya saa moja, pengine zaidi ikiwa barabara imejaa. Anayekata tikiti aangalie sana jambo hili. Tikiti inayomtua mtu Narita na kumpandisha ndege nyingine Haneda baada ya saa mbili ni tikiti ya rahisi inayogeuka kuwa ghali. Kwa watu wazima tuliweka usiku mmoja wa kulala karibu na uwanja, ndipo asubuhi waendelee. Kutoka Tokyo hadi uwanja wa New Chitose ni saa moja na nusu angani, na kutoka hapo garimoshi huwafikisha Sapporo kwa kiasi cha dakika 40.

Iko njia ya reli pia, na kaka aliitamani kwa ajili ya njia ya Seikan, ile iliyochimbwa chini ya mlango wa bahari. Ilifunguliwa mwaka 1988, urefu wake ni karibu kilomita 54, na kilomita 23 katika hizo zimo chini ya bahari yenyewe. Tangu 2016 garimoshi la kasi kubwa, Shinkansen, hupita humo hadi karibu na Hakodate. Lakini kutoka Tokyo hadi hapo ni saa nne, kisha kuna garimoshi jingine la saa tatu na nusu hadi Sapporo. Siku nzima ingekwisha, nasi siku tulikuwa nazo saba.

Kuhusu viza, yapaswa kuombwa mapema, na miongoni mwa karatasi zinazotakiwa ni ratiba inayoeleza siku kwa siku mgeni atakuwa wapi. Wengi huiandika ovyo ili kuwaridhisha wakubwa. Sisi tuliiandika kwa dhati, ikawa ndiyo mpango wenyewe.

Siku saba zenyewe

Jumatano ni siku ya kuwasili. Hapana lililowekwa isipokuwa kufika, kuoga, kula na kulala. Japani imetutangulia kwa saa sita, na mwili wa mtu mzima hauwezi kuamrishwa kusahau jambo hilo kwa siku moja.

Alhamisi ni siku ya chuo na mji. Sapporo ni mji mchanga. Serikali ya Japani ilianzisha ofisi ya kuiendeleza Hokkaido mwaka 1869, ndipo mji ukapimwa kwa kamba, mitaa ikakatana kwa pembe mraba. Bustani ya Odori, yenye urefu wa kilomita moja na nusu, hugawa kaskazini na kusini. Mfereji wa Sosei hugawa mashariki na magharibi. Kwa hiyo anwani ni hesabu: chuo cha mwana wetu kiko Kaskazini 8, Magharibi 5. Sisi tuliokulia kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, ambako nyumba huelezwa kwa jina la mwenyewe au la msikiti uliopo karibu, twaweza kuona mji wa namna hiyo ni mkavu. Lakini kwa bibi asiyejua kusoma Kijapani, mji unaohesabika ni rehema. Akipotea, atahesabu.

Chuo kilianza mwaka 1876 kama chuo cha kilimo, na mwalimu wake wa kwanza mashuhuri, William S. Clark kutoka Massachusetts, hakukaa hata mwaka mmoja, lakini jina lake lingali linatajwa hadi leo. Mnara wa Saa wa mwaka 1878, jengo la mbao lililokuwa la chuo hicho, ungalipo katikati ya mji. Kijana awatembeze wazazi darasani kwake, maktabani na kwenye njia yenye miti anayopita kila siku. Kwa mzazi, njia hiyo ina thamani kuliko mnara wowote. Jioni wapumzike Odori, ambako tangu masika hadi vuli huuzwa mahindi ya kuchoma kwenye vibanda vya magurudumu. Wapakaji huko hutumia mchuzi wa soya badala ya ndimu na pilipili; atakaye asipakwe kitu na aseme mapema.

Ijumaa imeachwa kwa swala na mapumziko. Karibu na chuo kuna msikiti wa Sapporo, unaoswaliwa na wanafunzi na wakaazi wa mataifa mengi. Kaka amesema angependa kukaa baada ya swala awasalimu wanaokaa na mwanawe. Hilo nalo ni ziara.

Jumamosi ni Otaru, bandari iliyo kiasi cha nusu saa hadi dakika 45 kwa garimoshi. Reli ya kuuunga mji huo na Sapporo ilifunguliwa mwaka 1880, na sehemu ya njia hukimbia kando ya bahari kabisa. Aendaye Otaru na akae upande wa kulia. Mfereji wake ulikamilika mwaka 1923, ili shehena ishushwe kutoka melini kwa matishari hadi kwenye maghala ya mawe. Meli zilipoanza kufunga gatini, matishari yalikosa kazi na mfereji ukachakaa. Wakuu wa mji walitaka kuufukia wote wapitishe barabara. Baadhi ya wenyeji walikataa, mabishano yakaendelea miaka mingi, na mwisho wake sehemu ya upana ikafukiwa na sehemu ikabaki, na njia ya kutembelea yenye taa za gesi ikakamilika mwaka 1986. Msomaji wa Lamu au wa Mji wa Kale hahitaji kufasiriwa kisa hiki. Otaru pia hufua vioo: zamani taa za mafuta na maboya ya nyavu, leo bilauri na mapambo. Ni mji wa kutembea polepole, na njia ya mfereji ni tambarare, haimchoshi mwenye goti.

Jumapili ni Shiraoi, kama saa moja kwa garimoshi la kasi. Hapa ndipo penye Upopoy, jumba la makumbusho na bustani ya taifa ya watu wa Ainu, iliyofunguliwa Julai 2020 kando ya ziwa Poroto. Tuliiweka Jumapili kwa kuwa Jumatatu kwa kawaida hufungwa, na wapangaji wengi hulisahau jambo hilo.

Naomba msomaji aniruhusu nikae hapa kidogo. Mitaa ile iliyonyooka ya Sapporo haikujengwa katika nchi tupu. Ainu walikuwapo, na majina ya miji yangali yanawashuhudia: Sapporo lenyewe ni neno la Kiainu kwa asili, na kila jina linaloishia kwa betsu au nai, kama Noboribetsu, lina ndani yake neno la kale la mto. Serikali ya wakati huo iliwazuia kuvua samoni mitoni kama walivyozoea, ikawataka wawe wakulima, na sheria ya mwaka 1899 ikawaita wenyeji wa zamani wanaohitaji kulindwa, huku lugha na desturi zao zikisukumwa pembeni. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1997, na mwaka 2019 sheria nyingine ikawatambua kuwa ndio wenyeji wa asili. Leo lugha yao ina wasemaji wachache mno, na Upopoy hujaribu kuirejesha midomoni kwa nyimbo, mafundisho na vibao vya njia.

Nilimwambia kaka kwamba safari ya wiki nzima Hokkaido bila ya kuyajua haya ni sawa na mgeni anayekuja mwambao, akalala hotelini ufukweni, akarudi kwao bila kujua kwamba kulikuwa na watu. Aliifuta ziwa Toya, akaandika Shiraoi.

Kutoka Shiraoi, akiwa na nguvu, mtu aweza kusogea mbele hadi Noboribetsu, penye bonde la mvuke na harufu ya kiberiti ambalo Wajapani wameliita Jigokudani, yaani Bonde la Jahanamu. Shemeji aliposikia jina hilo alisema yeye hana haja ya kulizuru akiwa hai. Tukaliacha.

Jumatatu, msomaji, haina kitu. Kaka alitaka kuijaza kwa kilima cha Moiwa, chenye urefu wa mita 531 na gari la kamba la kuwapandisha watu kuutazama mji, au kwa bustani ya Moerenuma, iliyobuniwa na mchongaji Isamu Noguchi juu ya mahali palipokuwa jaa la takataka. Vyote ni vizuri, na wakipenda wataenda. Lakini iko sababu ya kuiacha tupu ambayo haikuandikwa daftarini. Mwana wetu amekwisha kudokeza kwamba baada ya kuhitimu angependa kubaki huko afanye kazi. Amelidokeza kwa simu, na kwa simu baba yake amejibu, "Tutazungumza." Miezi sita imepita hawajazungumza. Maneno ya namna hii yataka mkeka, chai na mchana mrefu usio na garimoshi la kuwahi. Mama atapika katika jiko dogo la mwanawe, watakula, na yatakayosemwa yatasemwa. Sikumpa kaka ushauri juu ya jibu lake. Nilimpa siku.

Swala, chakula na maji ya moto

Maswali ya ibada waliyoniuliza nayatia hapa kwa ufupi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi'i, aliyenuia kukaa mahali siku nne au zaidi, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hana tena hukumu ya msafiri. Kwa kuwa wao watakaa Sapporo siku tano kamili, wataswali kaamili huko, na ruhusa ya kupunguza watakuwa nayo njiani kwenda na kurudi. Kibla, ambacho kwetu Mombasa ni kaskazini, huko ni magharibi kwa kupanda kaskazini kidogo, watazoea. Adhuhuri nayo katika siku hizo huingia kama saa tano na nusu, kabla ya saa sita, jambo linalowafaa wanaotaka kuswali ndipo watoke.

Kuhusu chakula, hatari haimo katika nguruwe anayeonekana bali katika asiyeonekana. Supu ya tambi za rameni mara nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe. Mirini, inayotiwa katika mapishi mengi hata ya samaki, ni kileo kitamu cha mchele. Baadhi ya michuzi ya soya hutiwa kileo ili isiharibike. Nyama ya kondoo ya kuchoma, wanayoiita jingisukan na kujivunia sana, ni kondoo kweli, lakini mchinjaji wake hajulikani. Kilicho salama na kitamu ni samaki wa kuchoma kwa chumvi, wali mweupe, mayai, viazi, maziwa na matikiti, na Hokkaido yasifika Japani nzima kwa mazao yake ya shambani na baharini. Mwana wetu ana orodha ya maduka ya nyama ya halali, na mpango ni kula nje mara moja kwa siku, yaliyobaki yapikwe nyumbani.

Chemchemi za maji ya moto ni fahari ya nchi hiyo, lakini desturi yake ni kuoga wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, uchi kabisa, bila hata shuka. Kwetu haliwezekani. Hata hivyo, mahoteli mengi ya chemchemi hukodisha chumba cha kuogea cha faragha kwa mtu na mkewe, na katika miji ya chemchemi kuna madimbwi ya kutia miguu tu, bila malipo. Kwa goti la shemeji, dimbwi la miguu latosha. Na jambo moja litawafurahisha wazazi: vyoo vingi vya Japani vina maji ya kutawazia, tena ya vuguvugu.

Mizigo

Shemeji alikuwa amepanga kubeba sambusa za nyama, nyama iliyokaushwa na maembe. Vyote tuliviondoa. Japani haimruhusu msafiri kuingia na nyama isiyokuwa na cheti cha ukaguzi, hata iliyopikwa, na matunda mabichi kama maembe huzuiliwa. Adhabu yake si ndogo. Vilivyobaki ni bizari, iliki, kahawa na halua, ambavyo vyote vitatajwa kwenye fomu ya forodha. Dawa za goti na za shinikizo la damu zifuatane na karatasi ya daktari, kwani dawa nyingine za mafua zinazouzwa kwetu bila swali, huko zimewekewa masharti. Bima ya matibabu isikosekane. Viatu viwe vya kuvaa na kuvua upesi, kwa kuwa majumbani na mahali pengi pa kulia huvuliwa mlangoni, adabu ambayo hatuhitaji kufundishwa.

Jumanne ni siku ya kurudi. Ndege yao kutoka New Chitose ni ya jioni, na mwana wetu ameomba washuke njiani katika stesheni ya Chitose, waweke mizigo kwenye makabati ya kukodi. Karibu na hapo kuna jumba la samaki lililojengwa ukingoni mwa mto, lenye madirisha chini ya maji, na mtu husimama akautazama mto wenyewe kwa ndani. Septemba ndipo samoni wanapoupanda. Huzaliwa katika mto huo, huteremka baharini wakiwa wadogo, huzunguka bahari kuu kwa miaka kadhaa, kisha hurudi kwenye maji waliyozaliwa.

Kaka alipoyasikia hayo alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Huyu kijana anataka kutuambia nini?" Shemeji akamjibu, "Anataka kutuonyesha samaki. Mengine utamwuliza Jumatatu."

Tikiti zimekwisha kukatwa. Tunawaombea wao, na kila mzazi mwenye mtoto mbali, safari ya salama na marejeo ya kheri.